Trekta ndogo ya shamba la ekari 6: gia au haidrostatiki?

Ndugu, umeuliza kama shamba lako la ekari 6 huko Kitale, lenye kazi ya kufyeka nyasi, kusomba samadi kwa kijiko cha mbele na kulima kidogo, linafaa trekta ndogo ya gia au ya haidrostatiki, yaani inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa msukumo wa mafuta ya haidroliki. Kusomba samadi ni kwenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima, na hapo haidrostatiki, inayobadili mwelekeo kwa pedali bila klachi, humpunguzia dereva uchovu mwingi. Hata hivyo, hupoteza sehemu ya nguvu ya injini na hudai mafuta hayo ya haidroliki yawe safi. Kwa kuwa plau utaivuta mara chache, ningechagua haidrostatiki ya nguvu farasi 30 hivi, mradi muuzaji akuonyeshe vichujio vyake dukani kabla hujalipa. Funga pia uzito nyuma, maana kijiko kikijaa, magurudumu ya nyuma huwa mepesi.