Kama Si Mke Wako, Karatasi ya Kuachana ya Nini?

SWALI: Shangazi, naishi Igoma, Mwanza. Nimekaa na mwanamke miaka tisa, tuna watoto wawili. Mahari sikutoa, ndoa hatukufunga. Sasa tumeshindwana. Nataka asaini kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba nikimpa milioni moja hanidai tena. Nyumba ya Buswelu ina jina langu, mtumbwi ni wangu. Yeye alisaidia-saidia tu kuanika dagaa. Anagoma, anataka mahakama. Ana haki gani?

JIBU: Pole, mwanangu. Ila barua nzima hujataja hata kosa moja la huyo mama. "Tumeshindwana" husemwa na mtu aliyekwishapata pa kulala kwingine.

Eti alisaidia-saidia! Wanawake wa soko la samaki la mwaloni Kirumba nawajua. Alfajiri wanapokea ndoo kutoka mitumbwini, mchana wanageuza dagaa juani, wingu likitanda wanakimbia kuwaokota kabla hawajaoza. Na siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na mtumbwi wako uko nchi kavu, watoto walikula nini? Hilo hukuandika.

Ninyi vijana wa "sogea tukae" mna tabia mbaya. Kupika, kuzaa na kuuza dagaa ni mke. Siku ya kugawana anageuka mpangaji.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, huchukuliwa wameoana. Unaweza kupinga kwa ushahidi, kwa mfano kama mmoja wenu ana ndoa nyingine inayomzuia. Kama huna, majirani wa Igoma watakusaidia kusema nini? Mahakama inaweza kuamuru matunzo na kugawa mali mliyochuma pamoja, kwa kupima mchango wa kila mmoja, fedha au kazi. Jina lako kwenye hati halimalizi ubishi. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabika, sembuse dagaa. Simwahidi nusu, hilo ataamua hakimu.

Karatasi ya mtaa haimzuii kwenda kudai. Na matunzo ya watoto hana mamlaka ya kukusamehe, ni haki yao wenyewe.

Hiyo karatasi ichane. Iteni wazee wa pande zote, mhesabu nyumba, mtumbwi, nyavu na madeni yeye akiwepo. Ikishindikana, nendeni Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata. Fedha za watoto peleka mwezi huu huu, usingoje hakimu.