Kati ya Mandara na Horombo hakuna wanyama? Nakataa

Mleta mada kauliza kama njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro ina cha kuona ukishatoka msituni, maana mchangiaji mmoja kamwambia ukishapita kambi ya Mandara ni vichaka vikavu tu. Mkuu, nilianza kama mgumu (ndivyo tunavyoitana wapagazi), sasa naongoza wageni. Hapo kadanganywa.

Ukingoja mbega, kweli umechelewa, hao wanaishia na msitu. Kuanzia mita 2,800 hivi unaingia kwenye miti ya mierika, ile yenye majani membamba kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Siku ya ukungu simama chini ya mmoja: utadondokewa na maji na mvua hakuna. Majani yananasa ukungu, maji yanaingia ardhini. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020, ulioanzia Whona pale tunapopumzikia, uliniuma kuliko nilivyotegemea. Mierika ikiungua mara kwa mara haifiki tena kimo cha mti, inabaki vichaka, na ukungu unajipitia zake.

Haya, wanyama. Pale Horombo, kambi inayofuata, mita 3,720, kuna panya wadogo wenye mistari minne mgongoni, wanapita katikati ya viatu vya watu mchana kweupe. Kuna kunguru wakubwa wenye baka jeupe shingoni. Hao ni wezi! Mmoja alimfungulia mgeni wangu zipu ya begi kwa mdomo, akaondoka na yai la kuchemsha tukimtazama. Msiwalishe, tumewazoesha vibaya wenyewe.

Ninayempenda mimi ni ndege mdogo, chozi wa kijani anayeng'aa, dume ana mkia mrefu. Humkosi kwenye lobelia zilizochanua, ile mimea mikubwa ya mlimani. Na hiyo lobelia yenyewe iamkie saa kumi na mbili asubuhi, usiiguse, chungulia tu. Usiku hukunja majani kufunika kichipukizi. Katikati yake kuna maji, juu yametanda barafu nyembamba kama kioo cha taa ya chemli, chini bado ni maji. Kichipukizi hakigandi.

Pofu je? Wapo, ila jaribu upande wa uwanda wa Shira, na uwe na bahati.

Ushauri wangu: lipia siku ya ziada Horombo, beba darubini, na mayai uyafunge kwenye kopo lenye mfuniko.