Jina la Alexander kwenye fedha za miji ya Wagiriki

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya sarafu ya kale ya fedha yenye jina la Alexander Mkuu, ikielezwa kwamba ilitengenezwa Rhodes zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Iliwezekanaje, na mji unatambuliwaje? – Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Maelezo hayo ni sahihi. Alexander alifariki mwaka 323 K.K., lakini miji mingi iliendelea kutoa tetradrakma (sarafu za fedha za thamani ya drakma nne) zenye jina lake, na Mesembria, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ilifanya hivyo hadi karne ya 1 K.K. Askari wa kukodiwa, waliomtumikia leo mfalme huyu na kesho yule, pamoja na wafanyabiashara waliovuka bahari, walitaka fedha waliyoizoea, yenye uzani wa Athens wa gramu 17 na ushei. Mji uliowalipa kwa sarafu ngeni ungejitafutia mabishano ya bure. Wazee wa pwani yetu wangelielewa jambo hili upesi, kwani riale ya Maria Theresa, malkia aliyefariki mwaka 1780, iliendelea kutengenezwa na kupokelewa Zanzibar muda mrefu baadaye, na mwaka ulioandikwa juu yake ukabaki 1780.

Upande mmoja wa sarafu uliyoiona yumo Heracles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyevaa ngozi ya simba. Upande wa pili Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, ameketi kitini, tai akiwa juu ya mkono wake. Tazama kwa makini nafasi iliyo chini ya tai, maana hapo ndipo mji unapojitambulisha: Rhodes kwa waridi, Chios kwa sphinx (kiumbe wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha mwanamke), Miletus kwa simba anayegeuza shingo kutazama nyuma. Mara nyingi huwapo pia herufi chache za afisa aliyesimamia kazi. Umbo nalo husaidia, kwa kuwa sarafu hizi za karne ya 2 K.K. kwa kawaida ni pana na nyembamba kuliko zile za Alexander mwenyewe.

Misri ya akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki walioitawala baada ya Alexander, haikufuata mkondo huo. Tetradrakma yake ilikuwa ya takriban gramu 14, na mgeni alilazimika kubadilisha fedha zake kabla ya kununua chochote. Rhodes nayo, ambayo kwangu ndiyo inayovutia zaidi, ilikuwa na sarafu zake nyepesi zenye kichwa cha Helios, mungu wa jua, na waridi kubwa, ikazitumia sambamba na hizo za Alexander.