Muulize Shangazi: Kupanda Mto Sangha hadi Bayanga

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Mto Sangha. Tuanzie Ouesso, Kongo-Brazzaville, tupande kwa mtumbwi wa mashine hadi Bayanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, tukaone tembo na gorila, kisha turudi njia ile ile. Wakala anasema tusihangaike, mpaka "uko mtoni tu". Bei yake imekaa vizuri. Nimuulize nini kabla sijatoa hela?
*Msomaji, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Muulize kwanza nani atashika upondo.

Sitanii. Watu huuliza habari za gorila, hema na chakula, wakamsahau kijana anayesimama omoni na mti mrefu mkononi. Fundi wa mashine anakaa tezi na hapo alipo haoni kilicho chini ya maji. Wa mbele anachoma upondo, anautazama ulipolowa, ananyoosha mkono kushoto au kulia bila kugeuka, na mashine inamfuata. Sangha ina mafungu ya mchanga yanayohama. Mkienda kati ya Januari na Machi maji yako chini, mashine itainuliwa mara nyingi, na nyinyi mtashuka kusukuma, mume wako akiwa wa kwanza. Mtu aliyeujua mto ule zamani hatoshi, mnamtaka aliyepita mwezi huu.

Uliza pia kama wanabeba pini za akiba. Mashine ikigonga gogo, kinachokatika ni kile kipini kinachoshika propela, na pasipo pini mtumbwi unarudi na maji mlikotoka. Nimemwona fundi akikata msumari, akaugonga kwa jiwe mpaka ukanyooka, akauchomeka pale, tukaendelea. Nilimvulia kofia. Hata hivyo ningependa zaidi aliyebeba pini.

Sasa huo mpaka wa "mtoni tu". Nusu ni kweli. Mkitoka Ouesso kwenda juu, mkono wa kulia ni Kongo na wa kushoto ni Kameruni. Mbele huko kulia kunakuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kushoto bado Kameruni, halafu kingo zote mbili zinakuwa za Afrika ya Kati. Hakuna bango wala kamba. Miti ni ile ile, kasuku wa kijivu wanavuka juu yenu bila kuulizwa. Ukishuka kushoto kujisaidia umeingia nchi ya tatu ambayo huna viza yake, ndiyo maana waongozaji wazuri huchagua fungu la kupumzikia na hawakuachi uchague wewe.

Lakini vituo vipo, na kila kimoja mnafunga mtumbwi, mnapanda ukingo na kusubiri. Afisa ana daftari kubwa lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Anaandika kwa mkono, taratibu: jina, jina la baba, jina la mama, kazi, mnakotoka, mnakokwenda. Usimharakishe. Mvua inaweza kunyesha ikaisha, bado yuko kwa mama mzazi wa mume wako. Mashine ya kutoa kopi usiitegemee huko, basi toeni kopi za pasipoti na viza mkiwa mjini, nyingi kuliko mnavyodhani zinahitajika, na mziweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo wataitaka.

Na hapa ndipo wengi wanaponaswa: kwa kuwa mnarudi Ouesso, viza yenu ya Kongo lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja inakufa mkigongewa muhuri wa kutoka. Wakala anayesema "hilo litatatuliwa huko huko" anamaanisha litatatuliwa na nyinyi, kwa fedha zenu.

Fedha zenyewe ni faranga ya CFA, moja kwa Kongo, Afrika ya Kati na Kameruni pia, kwa hiyo hakuna kubadilisha mpakani. Badilini euro, ambayo kiwango chake kimefungwa: euro 1 ni faranga 655.957. Chukueni noti ndogo. Kuna noti ya elfu kumi ambayo nchi nzima haina chenji yake, nadhani ndiyo hiyo hiyo inazunguka.

Swali la mwisho kwa wakala: mkivuka, mnaendelea na mtumbwi wa Kongo au mnakabidhiwa kwa watu wa Bayanga? Yote mawili yanafanyika, ila ajue jibu leo, na aseme ni nani anayewasubiri upande wa pili. Kutoka Ouesso hadi Bayanga ni kama kilomita 150 ukipiga mstari ulionyooka, na mto haunyooki. Mkiachwa katikati hakuna daladala.

Usalama siufichi. Afrika ya Kati imepitia vita, na Mei 2013 watu wenye silaha waliingia Dzanga Bai, uwazi wa tembo ulio karibu na Bayanga, wakaua tembo 26. Kona ile ya kusini magharibi ilitulia baadaye na wageni wakarudi. Sikilizeni hali ya wiki ile mnayosafiri, si ya mwaka jana. Someni bima yenu mpaka maandishi madogo, maana kampuni nyingi hukataa kulipa kwa nchi ambayo serikali zinawaonya watu wasiende.

Baada ya vitisho vyote hivyo, je, niende? Nenda. Mtapita mtoni kati ya Lobéké ya Kameruni na Nouabalé-Ndoki ya Kongo hadi Dzanga-Ndoki ya Afrika ya Kati, hifadhi tatu zilizoingizwa kwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012. Dzanga Bai mnafika kwa miguu, sehemu ya njia ni kijito cha maji ya magotini, mbele yenu mfuatiliaji wa nyayo wa kabila la Waaka, wenyeji wa msitu ule, anayesimama ghafla akisikia kitu msichosikia nyinyi. Kisha msitu unafunguka. Tembo wa msituni, wadogo kuliko wetu wa savana na pembe zao zimenyooka kuelekea chini, wanazamisha mkonga wote kwenye shimo la mchanga na kupuliza, wakitafuta chumvichumvi. Kaeni kwenye jukwaa la kutazamia mchana kutwa. Wanaokaa saa moja na kuondoka wamepoteza nauli.

Shangazi, mimi ni wa Goma. Kiswahili kitanifikisha?
*Msomaji, Goma*

Kitakufikisha Ouesso kama utakuwa na Kilingala mfukoni, na mtu wa Goma hakosi cha kuombea maji. Ukivuka kuingia Afrika ya Kati, watu wanaongea Kisango, karani wa kituo ataandika kwa Kifaransa. Jifunze "balao", salamu ya Kisango, uitoe kabla ya kutoa pasipoti.

Shikamoo Shangazi. Mimi Mwislamu, na nimesikia huko mtoni wanakula nyama ya porini. Nitakula nini? Pia nina kikohozi cha kudumu, je, gorila nitawaona?
*Msomaji, Mombasa*

Marahaba. La kikohozi kwanza: ongea na daktari wako, kisha uwaambie waongozaji kabla hujalipa kibali. Gorila wanaambukizwa magonjwa yetu, ndiyo maana wageni huvaa barakoa na kukaa mbali nao, na anayekohoa huachwa kambini. Ukificha, mfuatiliaji atakusikia njiani na kukurudisha, na hela hairudi pamoja nawe. Tembo wa Dzanga Bai unawatazama kutoka jukwaani, hao hawana ugomvi na kikohozi chako.

Chakula kisikutishe. Samaki wanaemwita "capitaine" ni jamii ya sangara wetu, anachomwa au anachemshwa na pilipili. Kuna kisamvu wanachokiita saka-saka, na kwanga, muhogo uliosagwa ukafungwa majani, unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Nyama ya porini kataa tu, hata wasio Waislamu nawaambia wakatae, maana hujui imewindwa wapi na kwa ruhusa gani. Mwambie mpishi mapema, tena mbele ya mwongozaji, asije akakuandalia mchuzi wa samaki uliopikwa ndani ya sufuria ya nyama hiyo. Ukitaka kuku, Ouesso kuna wafanyabiashara Waislamu kutoka Afrika Magharibi. Nunua kuku hai sokoni, umfunge miguu, asafiri nawe mtumbwini, uchinje mwenyewe jioni. Mweke mbali na madumu ya petroli.