Kabla hujanunua jinzi yenye ukingo mwekundu

Kunja pindo la mguu wa jinzi yako, utazame ndani, kwenye mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nyeupe zimelala moja kulia na moja kushoto, safi, hazijakatwa kwa mkasi, na mara nyingi zina uzi mwekundu uliopita kwa urefu, basi hiyo ni selveji. Ukiona kitambaa kilichokatwa kikapigwa ovaloki kisifumuke, hiyo ni jinzi ya kawaida.

Nimevaa selveji kwa miaka mingi, zile zinazoshonwa kwa kufuata mitindo ya kale, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama ule uzi mwekundu una thamani ya kulipiwa bei kubwa. Hauna. Ukingo unakuambia kitambaa kilifumwaje tu. Nimeshika selveji dhaifu iliyotoboka mapema, na nimeshika jinzi ya kawaida iliyofumwa imara kabisa. Lipia kitambaa chenyewe.

Mitambo ya zamani ilikuwa na kijiti kilichobeba uzi wa mshindio, yaani uzi unaokingama, kikirushwa kwenda na kurudi kati ya nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa. Uzi ulipofika mwisho haukukatwa, uligeuka ukarudi, na ukingo ukajifunga wenyewe. Kitambaa kilitoka chembamba, upana wa inchi 30 hivi, kwa hiyo mkataji alibana: aliunyoosha mguu wa suruali ili ukingo wenyewe uwe mshono wa ubavuni, na hakuna kilichopotea. Uzi wa rangi nao uliwekwa na kiwanda ili kijue kitambaa hiki ni cha mteja gani.

Suruali zenyewe zilianza kama nguo za kazi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, aliona mifuko ya wafanyakazi inachanika pembeni, akaipiga ribiti za shaba. Akaungana na Levi Strauss, mfanyabiashara wa vitambaa wa San Francisco, na hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi huo, ikatolewa tarehe 20 Mei 1873. Mwanzoni denimu yao, yaani kitambaa cha jinzi, ilitoka kiwanda cha Amoskeag huko New Hampshire. Baadaye White Oak cha Greensboro, North Carolina, kilichofunguliwa mwaka 1905 na kufungwa mwaka 2017. Baada ya Vita Kuu ya Pili jinzi zilitakiwa kwa wingi, viwanda vikahamia mitambo mipana na ya kasi, na ukingo ule ukaanza kutoweka.

Waliourudisha kwa mapenzi ni Wajapani. Kiwanda cha Kurabo kilitengeneza denimu yake mwaka 1973, washonaji wa Studio D'Artisan wakaanza Osaka mwaka 1979, na Kojima, katika mkoa wa Okayama, pakawa kitovu cha ushonaji huu. Uaminifu wao kwa historia unanigusa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilibana matumizi ya uzi na madini, hivyo Levi's wakaacha kushona ule upinde wa pambo kwenye mifuko ya nyuma, wakauchora kwa rangi. Leo washonaji wanaoiga suruali za miaka hiyo nao huuchora, wakijua utafutika.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Jinzi yangu ya kwanza ilikuwa mbichi kabisa, kitambaa hakijawahi kusinyazwa kiwandani. Muuzaji aliniambia nichukue saizi yangu ya kila siku. Nikapeleka pindo likakatwe, nikavaa wiki mbili, kisha nikaifua kwa maji ya moto. Iliporudi kutoka kwenye kamba, vifundo vya miguu vilikuwa nje na kiuno hakifungi. Denimu ya namna hiyo inaweza kuruka kwa asilimia 10: mguu wa inchi 34 unapoteza zaidi ya inchi 3. Niliumia sana.

Kwa hiyo uliza kwanza kama kitambaa kimesinyazwa. Kama bado, nunua kubwa, iloweke kwenye maji ya moto saa nzima, ianike, na ndipo ukate pindo. Hata iliyosinyazwa huruka kidogo, basi iloweke pia. Kitambaa cha uzito wa aunsi 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba kinatosha kuanzia. Zile nzito sana hukwaruza nyuma ya goti na wengi hukata tamaa.

Halafu kuna wanaosema usifue mwaka mzima. Siwaungi mkono. Jasho na vumbi hula pamba, na uzi uliochoka hukatikia mahali panapokunjwa. Mimi huigeuza ndani nje, maji baridi, sabuni kidogo, kivulini. Rangi itachuja tu, na ndiyo raha yake. Nyuzi za mtande huchovywa kwenye nili, ile rangi ya buluu, zikatolewa zipate hewa, zikachovywa tena na tena, lakini nili hukaa juu juu na kiini cha uzi hubaki cheupe. Kila unapokaa, unapotia mkono mfukoni, unamenya buluu kidogo. Yangu ya sasa ina alama ya funguo kwenye paja la kulia, kila jino linaonekana. Ukinunua iliyopaushwa kiwandani, umenunua alama za maisha ambayo hukuyaishi. Tahadhari tu na viti vyeupe miezi ya mwanzo.

Sehemu inayokufa kwanza ni ya katikati ya mapaja, mishono minne inapokutana. Kila baada ya kufua, ipandishe kwenye mwanga. Buluu ikiwa imeondoka na unaona vijiuzi vyeupe vya mshindio vimelala peke yake kama ngazi, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo: aweke kiraka chembamba ndani, apitishe cherehani mbele na nyuma kufuata mlalo wa mtande, kwa uzi wa pamba wa buluu ileile iliyopauka. Ukingoja tundu litokee, kiraka hakitapata kitambaa kizima cha kushikia.