Uhispania ya vijijini kwa motohomu: acheni baiskeli ziwapangie njia

Kaka, nimesoma swali lako lote. Wewe na wifi mnatoka Manchester mwezi wa nne na motohomu yenu (gari la kulala ndani) ya mita saba, mnataka kuona Uhispania ya ndani badala ya fukwe, na unauliza kama kuna maana ya kubeba baiskeli mbili za umeme wakati goti la wifi halimruhusu kupanda milima. Waliotangulia kukujibu wamesema ni mzigo wa bure, bora mkifika huko mkodi gari dogo. Mimi na mume wangu tumezunguka majimbo ya Andalucía, Extremadura na Aragón kwa mtindo huohuo mnaoufikiria, na kwa heshima zote nawapinga. Bebeni baiskeli. Tena msizibebe kama nyongeza: zifanyeni ndizo zinazoamua mtalala wapi.

Sababu yenyewe ni namna vijiji vya kule vilivyojengwa. Vingi vimekaa juu ya mwamba, nyumba zimebanana, na mitaa ilipimwa kwa upana wa nyumbu aliyebeba mzigo. Gari la mita saba halina kazi mle ndani. Programu ya ramani ya kwenye simu haijui ukubwa wa gari lako, itakuelekeza tu kanisani kwa njia iliyo fupi, na ukishaingia kwenye uchochoro wenye kona kali huna pa kugeuzia. Kwa hiyo kila mwenye motohomu hulazimika kuegesha nje ya kijiji, chini bondeni. Kutoka hapo hadi juu kwenye uwanja wa kijiji ni mwinuko ambao kwa mguu, juani, na goti linalouma, mtu ataupanda mara moja na kesho yake atakwambia abaki kwenye gari. Kwa baiskeli ya umeme ni dakika chache, na anafika akiwa na pumzi ya kusalimia watu.

Sasa unganisheni hilo na kitu ambacho Uhispania wamekifanya vizuri sana. Nchi ile ina reli nyingi zilizokufa, na tangu mwaka 1993 kuna mpango wa kuzigeuza kuwa njia za baiskeli na waendao kwa miguu. Wanaziita Vías Verdes, na leo zimepita kilomita 3,000 nchi nzima. Uzuri wake ni kwamba treni haiwezi mlima mkali, hivyo njia inapanda polepole mno, inazunguka kilima badala ya kukikwea, na pakishindikana inapita handakini au juu ya daraja. Magari hakuna. Mtu mwenye goti bovu anaweza kuendesha humo siku nzima, mota ya baiskeli kaiweka kwenye nguvu ya chini kabisa. Umeme mnautunza kwa ajili ya kile kipande cha mwisho, kutoka kituo cha zamani cha treni kupanda kijijini, kwa sababu reli ilipita chini na kijiji kiko juu. Ukilielewa hilo, safari nzima inajipanga: tafuteni kituo cha zamani chenye sehemu ya motohomu karibu, kaeni hapo siku kadhaa, kisha hamieni kituo kingine.

Ningeanzia Subbética, kusini mwa mkoa wa Córdoba. Pale inapita Vía Verde del Aceite, kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil, juu ya reli iliyokuwa ikisafirisha mafuta ya zeituni hadi ilipofungwa mwaka 1985. Doña Mencía pana eneo la motohomu jirani kabisa na njia, na mnashusha baiskeli mkiwa mmeshafika. Pande zote ni mizeituni. Sisemi mashamba, nasema mizeituni hadi macho yanapoishia, imepangwa kwa mistari kilima baada ya kilima. Uhispania ndiyo inayoongoza duniani kwa mafuta ya zeituni, na ukipita pale unaona kwa macho yako namna nchi nzima ya mikoa ile ilivyokabidhiwa mti mmoja. Madaraja ya chuma ya reli bado yapo na mnapita juu yake, bonde likiwa chini yenu.

Kutoka Doña Mencía hadi usawa wa Zuheros ni mwendo mfupi. Kijiji mnakiona mapema: nyumba nyeupe zimeshikilia jabali la kijivu, na ngome juu yake. Kupanda kwake ndipo wifi atakapoishukuru betri. Juu huko wanatengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi, na juu zaidi kuna pango liitwalo Cueva de los Murciélagos, lakini njia ya kwenda pangoni ni ya mlima hasa, hivyo iwe siku yake peke yake na betri zikiwa zimejaa. Upande wa pili wa njia, Cabra, wamehifadhi kituo cha treni na habari za reli yenyewe. Jambo la kuangalia: upande wa Jaén kuna vipande vya lami, Subbética ni udongo ulioshindiliwa, na mvua ikinyesha udongo ule unanata kwenye tairi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Kukinyesha, subirini jua lipige asubuhi moja.

Ya pili ni Vía Verde de la Sierra, kati ya Puerto Serrano na Olvera, kilomita 36, nayo naipenda kuliko zote. Reli hii ilianza kujengwa miaka ya 1920, ikakatika fedha, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na treni haikuwahi kupita hata siku moja. Wafanyakazi walitoboa mahandaki 30 kwenye mawe kwa ajili ya treni ambayo haikuja. Leo waendesha baiskeli ndio wanaoyafaidi, na moja ni karibu kilomita nzima. Zimo taa, ila zisiwafanye mwache za kwenu, na vaeni kitu cha kuzuia baridi kwani ndani kuna ubaridi hata kukiwa na joto nje. Katikati ya njia kuna mwamba wa Zaframagón wenye kundi kubwa la tumbusi. Simameni, zimeni kelele zote, mtazame juu. Wanazunguka kwa makumi bila kupiga bawa, na wakishuka chini mnasikia upepo kwenye manyoya yao. Laleni upande wa Olvera. Asubuhi nendeni hadi Puerto Serrano, ambako njia kwa ujumla inateremka, na mkumbuke kwamba kurudi ni kupanda: betri ikifika nusu kabla ya kugeuka, punguzeni nguvu ya mota.

Extremadura ni nzuri kwa ndege na kwa miji kama Trujillo na Cáceres, na kwenye hifadhi ya Monfragüe tumbusi wako karibu kuliko hata Zaframagón. Lakini kwa baiskeli mara nyingi mtakuwa barabarani pamoja na magari, kwa hiyo nisingeipa siku nyingi. Dereva wa Uhispania anatakiwa kisheria kuacha mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli, na wengi wanaiheshimu. Nanyi mnatakiwa kuvaa helmeti barabarani nje ya miji.

Kama mna muda, pandeni Teruel, kule Aragón. Kule ni Uhispania iliyobaki tupu. Vijana walihamia Madrid, Barcelona na Valencia, na kuna vijiji ambavyo wakazi wake mtawahesabu kabla chai haijapoa. Vía Verde de Ojos Negros, ndefu kuliko zote, ilikuwa reli ya mgodi iliyopeleka chuma Sagunto baharini tangu mwaka 1907 hadi 1972. Inaanzia kwenye uwanda wa juu, inavuka mlima, kisha inateremka kuelekea Mediterania. Mjini Teruel kuna minara ya matofali na vigae vya kijani na nyeupe, kazi ya mafundi waliorithi ujenzi wa Waislamu, na UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1986. Mji uko juu zaidi ya mita 900, mwezi wa nne usiku bado kuna baridi kali, basi gesi ya kupasha gari joto isikosekane. Na mkikutana na kundi la kondoo lenye mbwa wakubwa wa kulinda, shukeni, wekeni baiskeli kati yenu na mbwa, mtembee taratibu mpaka mpite.

Sasa uzito, maana ndipo wengi wanapojidanganya. Motohomu nyingi mwisho wake ni kilo 3,500 kila kitu kikiwamo: maji, gesi, nguo na nyinyi wenyewe. Baiskeli moja ya umeme ni kilo 20 hadi 25. Keria, yaani chuma cha kubebea baiskeli, inakaa nyuma kabisa, mbali na ekseli, hivyo inaikandamiza ekseli ya nyuma kuliko kilo zenyewe zinavyoonyesha. Soma maandishi ya keria yako uone inabeba kilo ngapi, ng'oa betri za baiskeli muda wote wa safari mziweke ndani, kisha pitisheni gari kwenye mizani likiwa limejaa kabla hamjaondoka. Uhispania inataka mzigo unaochomoza nyuma uwe na bango la V-20, mraba wa sentimita 50 kwa 50 wenye mistari myekundu na myeupe. Likinunuliwa mara moja yameisha.

Kuhusu kuchaji, hesabu ni rahisi. Betri ya baiskeli ya wati-saa 500 itavuta kama 600 kutoka betri ya gari kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), kwa sababu umeme mwingine unapotea njiani. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina karibu wati-saa 1,280. Maana yake mkichaji baiskeli zote mbili kutoka sifuri, mmeimaliza, na friji italia. Ila kwenye Vía Verde hamtamaliza betri kila siku. Chajini mchana paneli za sola zikiwa zinafanya kazi, au gari likiwa barabarani, si usiku. Na betri za baiskeli zisifungiwe ndani ya gari lililoanikwa juani, joto linaziharibu.

Kulala pia mmetishwa bure. Kanuni za usalama barabarani za Uhispania zinatofautisha kuegesha na kupiga kambi. Gari likiwa limeegeshwa kihalali, halijatoa turubai, viti wala ngazi nje ya mwili wake, na halimwagi maji, hilo ni gari lililoegeshwa, hata kama mmelala ndani. Mkitoa meza na viti, mmepiga kambi. Halmashauri zinaweza kuwa na sheria zao, na pwani na hifadhini ni wakali. Bara, vijiji vingi vimejenga maeneo ya motohomu yenye maji safi na pa kumwaga maji machafu na choo, bure au kwa euro chache, kwa sababu wanataka wageni. Basi nunueni mkate wao, kunyweni kahawa yao. Hicho ndicho kinachoweka duka la mwisho la kijiji wazi.

Mzoee saa zao. Maduka hufunga kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana ni saa nane au tisa, na jikoni usiku halianzi kabla ya saa tatu. Umesema nyinyi ni Waislamu: ulizeni kila mara, kwa sababu nguruwe huingia hata kwenye supu ya dengu, na keki nyingi za kienyeji zinatengenezwa kwa mafuta yake. Mayai, samaki, jibini, saladi na mkate wenye mafuta ya zeituni havikosekani. Na salimieni kila mtu. Wazee wa benchi la uwanjani watawaangalia sana. Waafrika wenzenu wengi wanaowaona kule Jaén ni vibarua wa kuvuna zeituni kutoka Senegal, Mali na Moroko. Mkisema “buenas” mkasimama, wataanza kuuliza bei ya baiskeli na inakwenda kilomita ngapi, na nusu saa inakwisha.

Mwisho makaratasi. Kama bado mna pasipoti za Tanzania, makazi ya Uingereza hayawaingizi, ombeni mapema viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia. Meli ya Portsmouth kwenda Santander inachukua zaidi ya saa 24, lakini inawaokoa kuvuka Ufaransa nzima. Angalieni pia tarehe za Pasaka: wiki ile vijiji vya Andalucía vinajaa na mitaa hufungwa kwa maandamano ya kanisa, hivyo kama inaangukia safarini, wiki hiyo kaeni Teruel na mshuke kusini baadaye.

Weka hapa modeli ya keria yako na ampea za betri ya gari, nikusaidie hesabu kabla hujakata tiketi ya meli.