Katapila langu lilipinda kinyume mteremkoni

SWALI: Fundi, nimenunua katapila dogo lililotumika, uzito wake kama tani 5, lenye bledi (bamba la kusukumia udongo) mbele, liva mbili za kupindia na pedali mbili za breki. Halikuja na kitabu. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka mteremko, nikavuta liva ya kushoto ili nielekee kushoto, nalo likaenda kulia! Nusura niingie korongoni. Isitoshe, mnyororo wa kushoto umeshachomoka mara mbili, na jamaa mmoja amenishauri niukaze mpaka usicheze kabisa. Je, nimeuziwa mashine mbovu? Na je, kuna ubaya msaidizi wangu kukaa juu ya madigadi ili anionyeshe visiki?

JIBU: Pole sana, na ninashukuru kwamba umeuliza kabla ya kurudi mteremkoni. Nitaanza na hilo la kupinda kinyume kwa sababu ndilo linaloweza kukuua. Mnyororo utasubiri.

Kwa maelezo yako, katapila lilitii amri uliyolipa, ila amri yenyewe haikuwa ile uliyodhani. Usukani wa gari huelekeza magurudumu. Liva ya katapila la aina yako haielekezi kitu. Kazi yake ni moja tu: kufungua klachi ya upande mmoja, yaani kuuachia mnyororo wa upande huo usishikwe tena na injini. Sasa fikiria. Uwanjani, au unapovuta mzigo, injini ndiyo inayosukuma. Ukiuachia mnyororo wa kushoto, unakosa nguvu na kubaki nyuma, wa kulia unaendelea, na katapila linapinda kushoto. Hivyo ndivyo ulivyozoea.

Mteremkoni mambo hugeuka. Pale injini haisukumi tena, inazuia. Uzito wa mashine ndio unaosukuma, na minyororo yote miwili inashikiliwa na injini isikimbie. Ukivuta liva ya kushoto umeuondolea mnyororo wa kushoto kizuizi chake, basi unatimua mbio kushuka huku wa kulia ukiwa bado umeshikwa. Upande unaokimbia unauzunguka ule ulioshikwa, na pua ya mashine inaelekea kulia. Ndicho kilichokupata. Hali ni hiyo hiyo unaposhuka kinyumenyume, au unapokuwa na tela zito linalokusukuma kwa nyuma hata mahali ambapo mteremko si mkali.

Ufanyeje basi? Ukiwa unashuka na unahisi uzito unaisukuma injini, vuta liva ya upande wa pili, taratibu, bila kugusa breki. Unataka kushoto, vuta ya kulia. Ule wa kulia utakimbia kidogo, wa kushoto utashikwa, nawe utaelekea kushoto. Njia nyingine ni kuvuta liva ya upande unaoutaka na papo hapo kukanyaga breki ya upande huo huo kwa nguvu ya kutosha kuusimamisha mnyororo, lakini hiyo inahitaji mguu wenye uzoefu na breki zinazoshika sawasawa. Mahali pabaya kuliko pote ni pale mteremko ni mdogo: injini haisukumi wala haizuii, nawe huwezi kujua mashine itaelekea wapi. Hapo tumia liva pamoja na breki yake, usitegemee liva peke yake.

Haya niliyosema ni kwa mashine za klachi na breki kila upande. Makatapila mapya yanayoendeshwa kwa haidroliki na kijiti kimoja huendesha minyororo yote miwili muda wote, na hayana tabia hii. Ndiyo maana mtu aliyejifunzia kwenye hayo mapya hushtuka sana akipanda la zamani.

Nenda kajifunze upya kwenye mteremko mdogo, mpana, usio na korongo, mti wala mtu chini yake. Gia namba moja, bledi ikiwa imeshushwa hadi karibu na ardhi. Rudia mpaka mkono uache kufikiri. Chagua gia kabla hujaanza kushuka, na ukishaanza usikanyage klachi kubwa, ile ya injini, wala usiweke nyutro, kwa sababu hapo unaachia minyororo yote miwili kwa mpigo. Kwenye gia za zamani, ukishaitoa gia katikati ya mteremko huenda usiweze kuiingiza tena. Mashine ikikuponyoka, shusha bledi ichimbe ardhi na ukanyage breki zote mbili. Usiruke.

Na panda na ushuke mteremko ukiwa umenyooka. Kuukata kwa ubavu ndiko kunakopindua. Kisiki kimoja chini ya mnyororo wa juu, au shimo chini ya ule wa chini, vinatosha. Kama mashine ina fremu ya chuma ya kumkinga dereva asisagwe mashine ikipinduka, funga mkanda kila mara. Kama haina fremu, mkanda usifungwe, maana utakufunga chini ya chuma. Ningependa utafute fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine yako. Sweden ilianza kuzilazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na zimeokoa watu wengi tangu hapo. Usiitoboe wala kuichomelea, kwa kuwa nguvu yake hupungua pale pale ulipogusa.

Kuna jambo jingine linalowadanganya wenye makatapila madogo. Benjamin Holt, mtengenezaji wa mashine za shambani, alipojaribu mashine yake ya minyororo huko California mwaka 1904, shida yake ilikuwa ardhi laini iliyomeza magurudumu, na minyororo iliimaliza shida hiyo kwa kutandaza uzito. Chukua tani 5 zako juu ya minyororo miwili yenye upana wa sentimita 35, kila mmoja ukigusa ardhi kwa urefu wa mita 1.8: kila sentimita ya mraba inabeba kama gramu 400, kiasi ambacho hakipishani sana na mguu wa mtu anayetembea. Ndiyo maana linapita kwenye tope bila kuzama, na ndiyo maana dereva husogea ukingoni mwa korongo bila hofu. Lakini ukingo haujali gramu 400. Unabeba tani 5 zote, na kwa mtikisiko. Kaa mbali nao, na udongo wa kusukuma bondeni usukume rundo kwa rundo, ukitumia rundo jipya kulisukuma lile lililotangulia, ili mashine isifike ukingoni kamwe.

Sasa mnyororo. Usiukaze mpaka usicheze! Mnyororo uliokazwa hivyo unabana pini na bushi zake (vibomba vinavyozivaa pini), unasaga meno ya sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo) na beringi za gurudumu la mbele, na unakula nguvu ya injini bure. Utasikia mashine imekuwa nzito, na baada ya muda utakuwa umenunua mnyororo mwingine. Ukilegea nao, unachomoka. Kuna kipimo chake.

Simamisha mashine mahali pagumu na tambarare. Isogeze mbele kama mara mbili ya urefu wake kisha iache isimame yenyewe bila breki, ili mvutano wa minyororo utulie. Weka ubao ulionyooka juu ya mnyororo, kutoka gurudumu la mbele lisilo na meno hadi rola ya juu (gurudumu dogo linaloubeba mnyororo kwa juu), halafu pima kutoka chini ya ubao hadi mahali mnyororo ulipobonyea zaidi. Kwa makatapila mengi madogo nafasi hiyo huwa sentimita 2 na nusu hadi 4. Kipimo halisi cha mashine yako kimo kwenye kitabu chake, kwa hiyo nakili namba ya mashine iliyogongwa kwenye kibati na uitumie kuagiza kitabu. Hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya spana. Pima ukiwa kazini, na udongo wa hapo ukiwa umeshajaa kwenye minyororo, kwani udongo ulioshindiliwa kati ya meno hukaza mnyororo wenyewe. Ukirekebisha ukiwa safi kisha ukaingia topeni, utakuta umekaza kupita kiasi.

Kwa mashine za zamani zaidi marekebisho ni bolti ndefu yenye nati ya kufungia. Nyingine hutumia silinda ya grisi: ukipampu grisi, gurudumu la mbele linasukumwa mbele na mnyororo unakaza. Grisi iliyomo humo ina shinikizo la kutisha. Unapolegeza, simama pembeni, fungua vali polepole na usizidishe mzunguko mmoja. Isipotoka, rudisha vali, sogeza mashine mbele na nyuma kidogo, ujaribu tena. Usichungulie tundu, na usiweke kidole. Grisi au oili ya haidroliki ikipenya ngozi huacha kitobo kama cha sindano, mtu akadhani si kitu, kumbe ndani nyama inakufa. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari ni kitu gani kilichopenya.

Nyuma ya gurudumu la mbele kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu ya tani kadhaa. Kazi yake ni kumeza kishindo jiwe linapoingia kwenye mnyororo. Bolti zinazoishikilia usizifungue, hata ukiona mtu mwingine anafanya. Springi ile ikifyatuka inaua aliye mbele yake. Kuna vifaa maalumu vya kuibana, na mafundi wanaovimiliki.

Kwa nini wa kushoto tu? Linganisha pande zote mbili. Kagua ndani ya viungo vya mnyororo: chuma kinachong'aa kwa upande mmoja kinakuonyesha unaposuguana. Gurudumu la mbele likitikisika, kingo zake zikiwa zimelika, au fremu ya rola ikiwa imepinda kwa kugonga kisiki, mnyororo utaendelea kutoka hata ukipimwa vizuri. Kisha pima urefu wa viungo vinne, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, mnyororo ukiwa umevutwa, ulinganishe na kipimo cha mpya. Mnyororo "hurefuka" pini na bushi zinapolika. Ukikuta kirekebishi kimefika mwisho na bado umelegea, usikubali kukatiwa kiungo kimoja: nafasi kati ya pini haitalingana tena na meno ya sproketi, na utayamaliza. Mara nyingi pini na bushi zinaweza kuzungushwa nusu duara, upande usiolika ukaanza kufanya kazi, na ukapata maisha mengine kwa gharama ndogo. Sharti uwahi kabla bushi hazijapasuka.

Na jiulize unavyoendesha. Kupinda kwa ghafla huku unarudi nyuma, ubavuni mwa mteremko, mnyororo ukiwa umelegea: hapo ndipo unapochomoka. Kurudi nyuma kwa kasi nako hula vyuma haraka, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya mnyororo huwa imevutwa.

Unapourudisha, legeza kwanza, inua upande kwa jeki, uweke magogo imara chini ya fremu. Usitegemee bledi wala jeki peke yake. Ongoza mnyororo kwa mtaimbo. Vidole visikaribie sproketi injini ikiwa inaunguruma, na kama kuna anayeendesha na anayeongoza, waonane macho kwa macho. Ukilazimika kugonga pini, vaa miwani. Vipande vya chuma huruka kama risasi.

Matunzo ya kila siku nitayapitia haraka. Oili ya injini, maji ya rejeta (kifuniko usikifungue kikiwa moto), kichujio cha hewa, maji yaliyotuama chini ya kichujio cha dizeli. Jioni, futa tope kwenye rola kabla halijakauka, maana rola isiyozunguka hulika upande mmoja. Angalia oili inayovuja nyuma ya sproketi. Sili (pete ya kuzuia oili isivuje) ikipasuka, gia za mwisho, zile zinazozungusha sproketi, zitakauka kimyakimya. Kama klachi za kupindia ni kavu, fungua plagi (kizibo) iliyo chini ya chumba chake mara kwa mara: ikitoka oili, kuna sili imekufa na klachi itateleza. Na liva zote mbili ziwe na nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kushika. Zisipocheza, klachi haifungi sawasawa na inaungua. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti tu. Kugusanisha nyaya za stata ukiwa chini, gia ikiwa imeingia, kumewapitishia watu minyororo juu ya miili yao. Ukiegesha, bledi chini, breki imefungwa, ufunguo mfukoni.

Msaidizi wako ashuke leo. Madigadi yako juu ya mnyororo unaokwenda, na kwa mtikisiko mmoja atateleza kwenda mbele yake. Hutasikia, wala hutawahi kusimama. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Visiki avitafute kwa miguu kabla hujaanza, aviwekee vijiti vyenye vitambaa vyekundu, kisha asimame mbali, upande wa juu wa mteremko, mahali unapomwona. Ukiacha kumwona, simamisha mashine mpaka aonekane.